Begi la Kilo 23: Unachofunga Kwale Ili Usilemewe na Ukiwa Ughaibuni

Kwa miaka mingi Kwale imekuwa ikipokea watu wa kujitolea. Wapo waliokuja Diani kuwahudumia mbega katika shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997, na wapo waliofika Gazi kusaidiana na wanakijiji katika kazi za mikoko. Siku hizi safari ni ya kwenda na kurudi. Vijana wa Ukunda, Msambweni, Kinango na Lunga Lunga nao wanafunga mabegi kwenda kujitolea Ulaya, hasa Ujerumani, ambako mpango wa serikali uitwao weltwärts umekuwa ukipokea vijana kutoka nchi za kusini tangu 2013. Wengi wao huwekwa chini ya utaratibu wa huduma ya hiari ya taifa ulioanza mwaka 2011. Kwa kawaida huwa ni mwaka mmoja katika shule ya chekechea, nyumba ya wazee au karakana ya watu wenye ulemavu, na kijana hupewa posho, bima na siku 25 za semina. Wengine, na hawa ni wengi zaidi, huenda Saudia, Qatar na Oman kwa kazi za nyumbani, udereva na ulinzi. Tangu mgodi wa titani wa Maumba na Nguluku usimamishe uchimbaji mwishoni mwa 2024, hesabu ya kwenda nje imeingia katika nyumba nyingi ambazo zamani hazikuwa nayo.

Mashirika yanayowapeleka huwapa orodha ya vitu vya kubeba: pasipoti, cheti cha chanjo, nguo za baridi, nakala za vyeti. Orodha hizo ni za lazima, zifuateni. Ila jambo linalowarudisha watu nyumbani kabla ya muda, au linalowafanya wakae mwaka mzima wakihesabu siku, halimo. Nalo ni ukiwa, ile hamu ya nyumbani inayomfanya mtu mzima ashindwe kumeza chakula kizuri alichopikiwa. Mwaka 1688, mwanafunzi wa udaktari wa Uswisi aitwaye Johannes Hofer aliandika tasnifu nzima huko Basel kuhusu hali hiyo, akiihesabu kuwa maradhi. Leo madaktari hawauiti ugonjwa, lakini hakuna anayeudharau. Huondoa usingizi na hamu ya kula, humfanya mtu achukie kila kitu cha nchi aliyoko, na mara nyingi haumfiki siku ya kwanza. Humngoja mpaka ugeni wa mambo mapya umwishie, kisha humrudia siku ya Idd, siku ya harusi ya dada yake, na siku ya msiba.

Begi haliwezi kuuzuia. Laweza kuupunguza, endapo aliyelifunga alijua analifunga kwa ajili gani. Katika kuwasikiliza waliokwenda na kurudi nimeridhika na jambo moja: kitu kinachofaa ni kile kinachokupa kazi ya kufanya na mtu wa kuifanya naye. Kitu cha kutazama tu chumbani, mlango umefungwa, huongeza kilio.

Jikoni kabla ya uwanja wa ndege

Anza na chakula, na uanze mwezi mzima kabla ya safari. Kosa kubwa la vijana wetu, wa kiume hasa, ni kubeba viungo wasivyojua kuvitumia. Mama zetu hupika kwa jicho. Wanatia chumvi kwa kiganja, tui kwa kuangalia rangi, na ukiwauliza kipimo wanakwambia "utaona mwenyewe." Basi kaa naye jikoni wiki mbili tatu ukiwa na kikombe kimoja na kijiko kimoja, pima kila anachotia kabla hakijaingia chunguni, uandike kwenye daftari. Wali wa nazi, mbaazi, samaki wa kupaka, mahamri, kaimati, viazi vya karai. Daftari hilo halina uzito wa kupimwa na shirika la ndege, na ndilo litakalokupa Ijumaa yenye harufu ya Ijumaa.

Ukishajua kupika, utagundua kwamba vitu vingi havihitaji kubebwa. Unga wa ngano, sukari, hamira, mchele na mafuta viko kila mahali. Tui la kopo hupatikana katika maduka ya Waasia kwenye miji yote mikubwa ya Ujerumani, na katika nchi za Ghuba nazi zenyewe huletwa kutoka India. Kwa hiyo mbuzi ya kukunia nazi iache nyumbani. Ni nzito, ina makali, na itakula nafasi ya vitu vitatu. Unachobeba ni kile kisichopatikana huko kwa ladha ile ile: iliki, mdalasini, karafuu na binzari nyembamba ulizonunua nzima ukazisaga mwenyewe, tangawizi kavu, pilipili kavu, kahawa ya kukoroga na kuchemsha, na kilo moja ya unga wa muhogo kwa mwenye kuzoea bada. Vitie kwenye makopo ya plastiki yenye vifuniko vya kubana. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na hata bila sheria hiyo mfuko hupasuka njiani, binzari ikaingia kwenye shati la mahojiano.

Hapa yafaa kusimama kidogo kwenye sheria za mipakani, maana mtu kunyang'anywa chakula alichofungiwa na mamake, mbele ya foleni ya watu asiowajua, ni mwanzo mbaya wa mwaka. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kutoka kwetu kuingia na nyama wala maziwa, kwa kiasi chochote. Nyama ya kukausha haiingii, sambusa za nyama haziingii, na samli, kwa kuwa imetokana na maziwa, nayo haiingii. Asali huruhusiwa hadi kilo 2. Samaki ni habari njema: kilo 20 kwa abiria, mradi awe wa kula mwenyewe, na kama ni mbichi awe ametolewa matumbo. Ng'onda wa nguru au wa changu, aliyekauka vizuri na kufungwa kwa tabaka mbili, ana haki ya kusafiri. Papa mkavu mwache. Aina nyingi za papa sasa ziko chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na afisa wa forodha hana njia ya kujua papa wako ni wa aina gani.

Matunda na mboga mbichi huhitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho kwetu hutolewa na KEPHIS, isipokuwa matunda matano tu: nanasi, ndizi, tende, doriani na nazi. Ndiyo, nazi. Unaweza kuingia Frankfurt na nazi mbili za Msambweni bila karatasi yoyote, na siku utakayoipasua mbele ya wenzako wa nyumba moja utakuwa na la kuwaonyesha. Iwe nazi nzima yenye maji. Mbata ni jambo lingine, kwani katika kanuni za usafirishaji huhesabiwa miongoni mwa bidhaa zinazoweza kushika moto zenyewe, na mashirika ya ndege huikataa. Embe, ndimu, pilipili mbichi na mbegu za kupanda ziache. Najua wapo wanaotaka kwenda na mbegu za mchicha au kijishina cha mtsunga wapande kwenye kopo dirishani. Bila cheti vitachukuliwa na kuchomwa.

Katika mizigo ya vinywaji na majimaji, achari ya embe na ukwaju wa kupika huingia kwenye begi kubwa, chupa imefungwa kwa utepe na kuviringishwa ndani ya taulo. Kwenye begi la mkononi hakipiti cha majimaji kinachozidi mililita 100, na achari hukaguliwa kama kitu cha majimaji.

Mabuyu ya rangi, kashata na visheti vibebe kwa wingi kuliko unavyodhani unahitaji, kisha usivifiche. Siku ya kwanza kazini weka sahani ya kashata mezani. Wenzako watauliza hiki ni nini, utaeleza, na kufikia saa saba kutakuwa na watu watano wanaolijua jina lako na jina la Kwale. Mtu mmoja katika hao ndiye atakayekualika kwake Jumapili. Mabuyu yenyewe yana kokwa ngumu, kwa hiyo wanaokwenda chekechea wasiwape watoto.

Leso isiyofuliwa

Ushauri huu umewashangaza baadhi ya watu, lakini nausimamia. Chukua leso ya mamako, au ya bibi, au ya yeyote aliyekulea, ambayo ameivaa siku mbili tatu, na usiifue. Ikunje, itie kwenye mfuko wa nguo, uufunge. Katika hisia zote za mwanadamu, harufu ndiyo iliyo karibu zaidi na kumbukumbu: ishara zake hufika haraka katika sehemu za ubongo zinazotunza hisia na kumbukumbu, bila kupitia kituo kinachopokea kwanza mambo ya macho na masikio. Picha ya mama utaizoea ukutani ndani ya mwezi. Harufu ya moshi wa kuni na mafuta ya nazi kwenye leso yake haizoeleki hivyo. Itoe siku zile ngumu tu, kisha uirudishe.

Pamoja na hiyo beba doti moja au mbili mpya. Leso haifiki kilo, na kazi zake mwanamke wa pwani hahitaji kuelezwa: shuka, taulo, pazia la dirisha lisilo na pazia, mtandio wa kuswalia, kibebeo, kitambaa cha meza. Kwa mwanamume, kikoi hufanya mengi ya hayo. Ukipata nafasi ya kuvuka kwenda Mombasa, Mtaa wa Biashara bado una duka la K.H.E., Mali ya Abdulla, linalouza leso tangu 1887, na mwenye duka atakusomea majina yaliyoandikwa mpaka upate linalokufaa. Chagua jina utakalopenda kulieleza mara nyingi, kwa sababu utaulizwa na kila atakayeiona. Doti moja ya ziada itunze kwa ajili ya mama wa nyumba utakayofikia au mkuu wa mahali pa kazi. Zawadi inayovaliwa humrudisha mtu kwako na maswali.

Udi na ubani vina tatizo moja. Nchini Ujerumani sheria za majimbo yote 16 zinadai king'ora cha moshi katika vyumba vya kulala. Ukiwasha chetezo chumbani, jengo zima litaamka. Beba mafuta ya udi au ya asmini kwenye kichupa kidogo, au vipande vya ubani visivyowashwa uvilaze kati ya nguo. Kaanga samaki dirisha likiwa wazi, kwa sababu hiyo hiyo, na wajulishe unaoishi nao kwamba leo ni siku ya samaki. Ukiwakaribisha mezani hawatalalamika harufu.

Kazi ya mikono kwa jioni ndefu

Kwale iko karibu na ikweta, digrii nne tu kusini yake, na jua letu huchomoza na kuzama takriban wakati ule ule mwaka mzima. Mjini Berlin, katikati ya Desemba, jua huchomoza kama saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Kijana aliyezoea kutoka kazini akakuta bado kuna mwanga wa kucheza mpira ufuoni atatoka na kukuta usiku. Giza hilo, zaidi ya baridi yenyewe, ndilo linalowafungia watu chumbani na simu. Nguo ya baridi itapatikana: koti moja la mtumba kutoka Kongowea latosha kukuvusha uwanja wa ndege, mengine utanunua huko ambako yameshonwa kwa baridi ya huko. Jioni nazo uzifungie kitu.

Bao ni kitu kizuri sana na ubao wake ni mzito mno. Mpe fundi cherehani kitambaa kigumu, ashone miviringo 32, safu nne za minane, na ubebe vifungo 64 vya shati badala ya komwe, kwa kuwa komwe ni mbegu na huenda ukaulizwa. Utafundisha watu wawili, na wawili hao watakutafuta wenyewe. Mwenye kujua kushona kofia abebe kitambaa, uzi na sindano, akiweka sindano kwenye begi kubwa. Mwenye kufuma abebe sindano za kufumia tu, uzi wa sufu huko ni mwingi. Mwenye kupiga kayamba na alibebe, maana ni jepesi, ila alishike mkononi lisije likavunjwa. Na kwa kuwa ndani yake mna mbegu na nje ni mabua, awe tayari kuulizwa. Kahawa tungu nayo ni kazi ya mikono. Kuichemsha na tangawizi, kuimimina kwenye vikombe vidogo, kumsubiri mtu amalize umwongeze: hiyo ni baraza, na baraza haihitaji mwembe wala mkeka wa Kinondo ili iwe baraza.

Wanaokwenda Ghuba mara nyingi hawana jioni za namna hiyo. Saa za kazi ni ndefu na nyumba ni ya mtu. Kwao nasema vitu vidogo ndivyo vyenye nguvu: tasbihi au kitabu cha sala, leso, daftari la kuandikia, kichupa cha mafuta ya nazi ya nyumbani. Na namba za simu ziandikwe kwenye karatasi, nakala mbili, moja ikishonewa ndani ya nguo, kwa sababu wapo waajiri wanaochukua simu na pasipoti ingawa hawana haki hiyo. Kabla ya yote hayo hakikisha wakala wako yumo kwenye orodha ya walioidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mkataba mbovu hauponywi na iliki.

Sauti

Kabla ya kuondoka zunguka na simu ukirekodi. Babu akisimulia ngano kwa Chidigo au Chiduruma. Makanga wa Likoni akiita abiria wa Ukunda. Adhana ya alfajiri ya msikiti wa mtaani kwenu, au kwaya ya kanisa lenu. Wadogo zako wakigombana. Sengenya ikipigwa harusini. Dakika mbili mbili zatosha, na uzihifadhi kwenye kadi ya simu isiyotegemea intaneti. Picha kumi zichapishe studio, za karatasi, kwa sababu picha ya karatasi hupitishwa mkono kwa mkono na simu haipendezi kumpa mtu aishike. Miongoni mwazo iwepo ya nyumba yenu na ya shule uliyosoma. Wenyeji wako watataka kujua unatoka mahali gani, na Diani wanayoijua wao ni ya hoteli.

Panga saa za kuongea mapema. Saudia na Qatar saa ni moja na yetu, Oman na Falme za Kiarabu zimetutangulia kwa saa moja. Ujerumani iko nyuma yetu saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto. Aliyetoka kazini saa kumi na moja jioni ya Januari atawakuta Msambweni saa moja, Magharibi imeswaliwa na watu wamekusanyika. Huo ni wakati mzuri. Falme za Kiarabu zimezuia simu za sauti za WhatsApp, kwa hiyo anayekwenda Dubai aulize waliotangulia wanatumia programu gani iliyoruhusiwa, na awawekee wazee wake programu hiyo kabla hajaondoka.

Weka siku mbili au tatu kwa wiki, usizidishe. Anayeongea na nyumbani kila usiku kwa saa tatu mwili wake uko Bremen na maisha yake yako Kombani, na ukiwa hupenda hali hiyo. Laini yako ya Kenya iache hai pia, iongezewe salio mara kwa mara, kwani laini isiyotumika kwa muda mrefu huweza kufungwa, na M-Pesa yako imo humo.

Visivyofungwa

Usibebe mzigo ambao hukuufunga wewe. Jirani atakuja usiku wa kuamkia safari na kifurushi cha binamu yake aliyeko Munich, kimeshonwa vizuri, na kukataa kutaonekana ni utovu wa adabu. Mwombe akifungue mbele yako au akibebe mwenyewe. Watu wako magerezani kwa ajili ya vifurushi vya watu wengine.

Miraa na muguka ni haramu Ujerumani, Uingereza tangu Juni 2014, na katika nchi za Ghuba adhabu yake ni kali. Makombe, matumbawe na chochote kilichotokana na kasa visitoke ufuoni, hata kipande kimoja cha ukumbusho. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli hudhibitiwa sana Ghuba. Kama daktari amekuandikia, nenda na cheti chake na dawa zikiwa kwenye pakiti yake ya asili.

Na kuna hili ambalo watu wa kwetu hawapendi kulisema hadharani. Wazee wengine humfungia mtoto kago au hirizi ya njiani kwa mapenzi ya kweli. Saudia uchawi ni kosa la jinai, na wafanyakazi wa nyumbani wa kigeni wamewahi kushtakiwa kwa sababu ya vitu vilivyokutwa kwenye mizigo yao. Mwombeni mzee atoe dua, na dua hiyo uirekodi kwa sauti yake. Kago libaki nyumbani.

Ukiona haupungui

Kwa wengi, ukiwa hupungua kadiri wanavyopata watu na ratiba. Ukipita wiki mbili hulali, huli, au unafikiria kifo, hapo siyo hamu ya nyumbani peke yake na begi halina dawa. Mwambie msimamizi wako au mratibu wa semina, ambao wapo kwa kazi hiyo. Ujerumani kuna simu ya ushauri ya bure, usiku na mchana, 0800 1110111, na namba ya dharura katika Ulaya nzima ni 112. Kenya ina ubalozi Berlin, Riyadh, Doha, Muscat na Abu Dhabi; namba za ule wa nchi unayokwenda ziwe kwenye ile karatasi. Na ukishikwa na homa katika miezi ya mwanzo Ulaya, mwambie daktari mara moja kwamba unatoka eneo la malaria. Wengine hudhani ni baridi na ukiwa tu, wakalala nayo mpaka ikawa hatari.

Neno langu la mwisho ni kwa wanaobaki Kwale, kwa kuwa nao wana begi la kufunga. Msimwambie kijana kila shida ya nyumba katika mwezi wa kwanza. Posho ya mtu wa kujitolea hutosha nauli na mahitaji madogo. Si mshahara, na kumwomba karo au mabati ni kumnyima usingizi bila ya nyinyi kupata mabati. Msiba ukitokea mwambieni ukweli, na aambiwe na mtu mmoja mliyemchagua, siyo kundi la WhatsApp. Siku ya Idd au Krismasi mpigieni nyinyi, mapema, kabla hajakaa kungoja. Na akiwaambia kwamba amepata marafiki na anapenda kazi yake, furahini naye waziwazi, asije akaona kuwa kuzoea huko ni kuwasaliti huku.